Jina la ugonjwa likishaandikwa kwenye faili: jinsi daktari anavyofikiri, na anavyokosea

Ukiingia zahanati au kliniki ya mtaani ukiwa na homa, mara nyingi utatoka na jina moja kati ya haya matatu: malaria, taifodi au UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Wapo wanaotoka nayo yote matatu, na mfuko wa dawa wa kutosha familia nzima. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani na mkufunzi katika hospitali ya kufundishia. Kila wiki napokea kwa rufaa watu waliobeba majina hayo mwezi mzima huku homa iko palepale. Siandiki kuwasema wenzangu waliowaona kabla yangu. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo nianzie hapo.

Nilikuwa kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali ya wilaya kaskazini mwa Tanzania, upande wa miteremkoni ambako watu hufuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Jioni moja alilazwa mama wa miaka hamsini na kitu. Kabla sijafika kitandani kwake nilikuwa nimeshasoma faili: homa ya wiki tano, dawa ya mseto ya malaria amemeza mara mbili, dawa ya taifodi siku kumi. Daktari aliyempokea alikuwa ameandika "malaria sugu?", akaweka na alama ya kuuliza. Nilipohamishia maneno hayo kwenye karatasi ya wodi, alama ya kuuliza ilibaki nyuma. Sikukusudia. Mkono uliandika tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Nikamuuliza kama anatetemeka, kama anatapika, kama kichwa kinagonga. Maswali yote yalikuwa ya malaria, na majibu nayo yakawa ya malaria. Nilimwona amekaa upande upande, mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda, kanga ameikaza kiunoni kama mtu aliyejifunga mkanda. Niliona, sikuuliza. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha hana. Tukaambiana kwamba vimelea wamejificha kwa sababu ya dawa alizomeza nyumbani, tukaanza sindano.

Usiku wa tatu muuguzi wa zamu, mama mtu mzima mwenyeji wa huko, alinivuta pembeni. "Dokta, yule mama analowesha shuka kila usiku, namtandikia upya mara mbili. Umemuuliza habari za ng'ombe wake?" Sikuwa nimemuuliza hata kama ana ng'ombe. Nikarudi, nikavuta kiti, nikakaa. Akaeleza kwamba wiki chache kabla ya kuugua, ng'ombe wake alitupa mimba na kondo la nyuma likagoma kutoka. Yeye ndiye aliyelitoa, kwa mikono mitupu. Mgongo ulianza kumuuma tangu wiki ya pili ya homa, ila hakuna aliyemuuliza mgongo. Alikuwa na brusela, ugonjwa uleule unaofanya ng'ombe watupe mimba, ambao humpata mtu kwa kushika majimaji ya mnyama mgonjwa au kunywa maziwa mabichi. Tiba yake ni dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 au zaidi. Dawa ya malaria haiugusi.

Nilikuwa naujua ugonjwa huo. Nilishaujibia mtihani. Nilichokosa ni sababu ya kuufikiria, kwa kuwa akili yangu ilikuwa imeshapata jibu.

Daktari hafikirii kwa njia moja. Njia ya kwanza ni ile unayoitumia kumtambua shangazi yako kwa mbali kwa mwendo wake, kabla hujaona sura. Hupigi hesabu, unajua tu. Daktari aliyeona wagonjwa maelfu hutambua tetekuwanga, pumu au maumivu ya jiwe la figo kwa namna hiyo, na mara nyingi yuko sahihi. Bila njia hiyo foleni ya asubuhi isingeisha hadi usiku. Njia ya pili ni ya polepole. Unaandika orodha ya magonjwa yanayoweza kuleta dalili hizi, unauliza kila moja lingekuwa limeacha alama gani, unapima, unafuta moja moja, unabakiza mawili matatu. Inachosha na inataka muda. Kwa hiyo akili, ikishapata jibu linalofanana na ukweli kwa njia ya kwanza, huwa haina hamu ya kuanza safari ya njia ya pili.

Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mwaka 2005 daktari Mark Graber na wenzake nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa visa 100 vya ugonjwa kutambuliwa vibaya au kwa kuchelewa. Visa ambavyo daktari hakuwa na elimu ya kutosha vilikuwa vichache. Kosa la fikra lililojitokeza kuliko mengine yote ni kufunga mjadala mapema: daktari akishapata maelezo yanayoridhisha, anaacha kutafuta. Na akishaacha kutafuta, kila kinachokuja baadaye anakilazimisha kiingie kwenye maelezo hayo. Kipimo kikikataa, kipimo ndicho kinacholaumiwa. Ndivyo tulivyofanya na yule mama.

Kwa hapa kwetu, jibu linalotangulia akilini limekuwa malaria kwa miaka mingi, na lilikuwa na haki ya kutangulia. Lakini malaria imepungua kuliko mazoea yetu yalivyopungua. Kwa Tanzania Bara, kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilikuwa karibu asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2007-08. Kufikia 2022 kilikuwa karibu asilimia 8. Wastani huo nao unaficha mengi, kwa sababu mwaka huo Tabora ilikuwa bado juu ya asilimia 20 na Kilimanjaro haikufika hata 1. Homa ya mtoto wa Tabora na homa ya mtoto wa Moshi zinaweza kufanana kwa kila kitu, ila daktari mwangalifu hazianzii sehemu moja.

Tafiti zilizofanyika hapahapa zinauma kuzisoma. Mwaka 2004 zilichapishwa takwimu za hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania: wagonjwa 4,474 waliolazwa mahututi wakatibiwa malaria kali. Damu yao ilipokaguliwa upya kwa umakini, waliokuwa na vimelea hawakufika nusu, asilimia 46 tu. Waliofariki kati ya wenye vimelea walikuwa asilimia 6.9, kati ya wasio navyo, asilimia 12.1. Tafadhali zisome tena namba hizo mbili. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao jina lao la ugonjwa halikuwa sahihi, na wapo ambao hawakupewa dawa za bakteria ambazo huenda zingewafaa.

Miaka michache baadaye, katika hospitali mbili za Moshi, mkoani Kilimanjaro, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa kati ya 2007 na 2008. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7 yao. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Katika waliobaki kulikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, homa ya virusi iletwayo na mbu iitwayo chikungunya, leptospirosisi itokanayo na mkojo wa panya na mifugo, na brusela. Na kwa watoto wa nje, yaani wasiolazwa, utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara uliochapishwa 2014 ulichunguza watoto 1,005 wenye homa: asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi, malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5, UTI 5.9, taifodi 3.7. Yale majina matatu ya kliniki za mtaani, ukiyajumlisha, hayafiki robo ya watoto hao.

Basi taifodi inatoka wapi kwa wingi namna hii? Mara nyingi inatoka kwenye kipimo cha Widal, kinachoitwa kwa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Kipimo hiki hakitafuti kimelea. Kinatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza, na kinga hiyo yaweza kuwa ya maambukizi ya zamani, au ya bakteria jamaa zake. Chukua mfano wa hesabu tu, usio wa hospitali yoyote. Watu 1,000 wana homa, na 20 kati yao wana taifodi kweli. Kipimo kinanasa wagonjwa 70 katika kila 100, na kinawasingizia 15 katika kila 100 wasio nayo. Kitawanasa 14 wenye taifodi na kuwasingizia 147. Jumla watu 161 wataambiwa "unayo", na 14 tu ndio wanayo. Maabara haijadanganya, wala mtaalamu hajazembea. Ugonjwa ukiwa adimu kwa watu unaowapima, majibu mengi ya "ndiyo" huwa ya uongo. Kwa taifodi, kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara hadi bakteria waliomo wakue waonekane, kinachochukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali. Ukimeza antibayotiki za duka la dawa kabla damu haijachukuliwa, bakteria wanaweza wasiote kabisa na ukweli ukapotea.

Hata kipimo cha haraka cha malaria, ambacho nakithamini sana, kina mipaka yake. Aina inayotumika zaidi hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Tena kwenye maeneo yenye malaria nyingi, mtu anaweza kubeba vimelea huku homa ya leo inatokana na nimonia. Ndiyo maana kipimo kikisema ipo, malaria itibiwe mara moja, lakini mtoto anayepumua kwa kasi bado asikilizwe kifua. Kipimo kikisema haipo, kazi ya kufikiri ndiyo inaanza. Kwa bahati mbaya, mara nyingi tunachofanya ni kubadilisha dawa ya mseto kwa antibayotiki na kuendelea na foleni.

Foleni ni sehemu ya ugonjwa huu wa kukosea. Daktari mmoja, wagonjwa benchi nzima hadi koridoni, vitendanishi vimeisha tangu juzi, na zamu ya usiku inakabidhi ya asubuhi kwa sentensi mbili. Lakini nisingependa mtu aamini kwamba mashine zingemaliza tatizo. Septemba 2014, mjini Dallas, Marekani, Thomas Eric Duncan alifika hospitali na homa. Alikuwa ametoka Liberia siku chache tu nyuma, wakati Ebola inaua Afrika Magharibi. Muuguzi alimuuliza safari, akajibu, ikaandikwa kwenye kompyuta. Saa chache baadaye aliruhusiwa arudi nyumbani na antibayotiki. Alirudishwa kwa gari la wagonjwa siku ya tarehe 28 na kufariki Oktoba 8. Wauguzi wawili waliomhudumia waliambukizwa, wakapona. Taarifa iliyohitajika ilikuwepo ndani ya jengo. Haikuingia kwenye fikra iliyokuwa inaamua.

Na wagonjwa nao hutusukuma, nalisema hili kwa upendo. Ukimwambia mzazi "hii ni homa ya virusi, mpe maji, mpe parasetamoli, mwangalie", anaona umemdharau. Anataka jina, na ikiwezekana dripu. Daktari aliyechoka hutoa jina. Ningependa tuzoee kusikia daktari akisema "bado sijajua, ila nimeshaondoa yale ya hatari, na nataka kukuona tena Alhamisi". Mtu anayesema hivyo ameacha mlango wazi kwa makusudi.

Wodini kwetu nawafundisha wanafunzi kumwendea kila mgonjwa wa siku ya tatu asiyepata nafuu kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Nafunika kwa kiganja mstari ulioandikwa jina la ugonjwa, nawaambia: msimulieni huyu mtu upya bila hilo neno. Mara nyingi wanakwama dakika nzima. Halafu mmoja anasema, "Mwalimu, hatujui anafanya kazi gani."

Wewe unayekwenda hospitali unaweza kumsaidia daktari kwa kumpa kisa, si jina. Ukiingia na kusema "dokta, nina taifodi yangu ile", umeshamfungia njia. Sema homa ilianza siku gani na nini kilifuata nini. Taja kazi yako, wanyama unaowashika, maziwa unayokunywa na ulivyoyapika, mahali ulikosafiri, dawa ulizokwisha kumeza hata kama ni vidonge vinne vya jirani. Kama kuna kitu kinakuuma ambacho hujaulizwa, kiseme kabla hujanyanyuka kitini. Kisha uliza kwa heshima: "Dokta, kama siyo hii, inaweza kuwa nini kingine?" Swali hilo halimshushi hadhi, linamrudisha kwenye ile njia ya polepole. Uliza pia urudi lini usipopata nafuu. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akipumua kwa shida, shingo ikikakamaa au fahamu zikipungua, usisubiri tarehe yoyote. Mpeleke saa hiyohiyo.

Homa ikiwa bado ipo siku ya tatu ya dawa, rudi palepale ulipotibiwa kabla ya kuhamia kliniki nyingine na kuanza upya, ili aliyekuona ajue kwamba jibu lake la kwanza halikutosha. Beba karatasi zote za vipimo, hata zile zilizosema huna kitu, na pakiti za dawa zilizobaki.