Reli hainati: maana ya msuguano kwa mtelezaji wa skii

"Leo reli inanata." Sentensi hii husikika mno katika bustani za vikwazo, yaani zile sehemu za mlima wa theluji zilizotengwa kwa ajili ya miruko, masanduku na vyuma vya kutelezea viitwavyo reli, na mara nyingi msemaji wake ni mtu aliyekaa kando ya chuma hicho akijipapasa nyonga. Kwa mtu aliyetoka kuanguka sina neno. Maumivu hayana sarufi. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo imeanza kupanda cheo. Walimu wa mchezo huwapa wanafunzi wao kama sababu, watangazaji wa mashindano huirudia, na karibuni nimekuta maandishi yanayotaja "mnato wa reli" kana kwamba hilo ni jina la kitaalamu la jambo lililokwisha kupimwa. Sivyo. Reli ya chuma haina mnato, na kinachomwangusha mtelezaji kina jina lake la siku nyingi, nalo ni msuguano.

Msuguano ni kani inayozuka pale nyuso mbili zinapogusana na mmoja ukawa unateleza, au unataka kuteleza, juu ya mwingine. Nayo daima hupinga mwendo huo. Kwa maana yenyewe, hiyo inatosha.

Kinachonikera ni kwamba Kiswahili kilikwisha kulimaliza suala hili kabla sisi hatujaanza kulivuruga. Neno msuguano limetoka katika kitenzi sugua, ambacho kila mtu anakijua: tunasugua sufuria, tunasugua sakafu, tunasugua kisigino kwa jiwe. Kikiongezwa kiambishi cha kutendana tunapata suguana, na hapo wahusika ni lazima wawe wawili, kama ilivyo katika pigana, patana na kutana, vitenzi vilivyotupatia mapigano, mapatano na mkutano. Hakuna anayeweza kupatana peke yake, na vilevile hakuna kitu chenye msuguano kikiwa peke yake. Silabi ile ya mwisho, -no, imeibeba ile -ana ya kutendana, na kwa hiyo fizikia yote imo ndani ya neno: swali la kwanza la kuuliza kuhusu msuguano ni "baina ya nini na nini?"

Kitenzi nata hakiulizi swali hilo. Ulimbo unanata juu ya tawi ndege akiwa bado hajatua. Gundi inanata ikiwa koponi, kabla haijaona karatasi. Kunata ni sifa ya kitu kimoja, na mwisho wa kitenzi hicho unafanana na ule wa kamata, fumbata na ambata, vitenzi vya kushika na kutoachia. (Si kila kitenzi chenye mwisho huo kimo katika kundi hili, kata hufanya kinyume kabisa.) Kwa hiyo anayesema reli inanata amekwisha kutoa hukumu: kosa ni la reli, skii zake, yaani zile mbao mbili ndefu alizofunga miguuni, hazimo. Tena nomino mnato, kama inavyotumika katika vitabu vya sayansi, ni habari ya vimiminika. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji, ndiyo maana hushuka polepole kutoka kwenye kijiko. Chuma kigumu hakishuki kutoka kwenye kijiko.

Tukilirudia swali la lugha, baina ya nini na nini, mambo yanaanza kufunguka. Soli ya skii imetengenezwa kwa polithini nzito, plastiki inayoteleza vizuri sana, lakini pande zake mbili zimezungushiwa ukingo wa chuma ambao kazi yake ni kuuma theluji ngumu wakati wa kukata kona. Reli nayo ni chuma. Mtelezaji anaporuka juu yake hugeuza skii zikae kimshazari, karibu zipishane na reli kama msalaba, halafu huenda ubavuubavu. Maana yake ni kwamba skii mbili, kila moja ikiwa na kingo mbili, zinaweka mistari minne ya chuma juu ya chuma, na kila mstari unasafiri kwa upana wake, kama ubapa wa panga unaoparua ubao. Mwenye ubao wa theluji, ule mmoja mpana unaobeba miguu yote miwili, anayo njia ya kulikwepa jambo hilo: anaweza kuuelekeza ubao sambamba na reli, akaipanda plastiki yake katikati, kingo zikabaki hewani pande zote mbili. Mtu wa skii hana anasa hiyo katika mtelezo wake wa kawaida. Ndiyo sababu reli ileile, saa ileile, inaweza kumpitisha wa ubao bila shida na kumwangusha wa skii anayemfuata. Kama kunata kungekuwa sifa ya reli, wangeanguka wote wawili.

Chuma kikavu juu ya chuma kikavu ni jozi mbaya ya kuteleza. Philip Bowden na David Tabor, wanasayansi waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, katika karne ya 20, walionyesha kwamba nyuso mbili zinazoonekana laini kwa macho hugusana kweli katika vilele vichache vidogo tu, na kwamba katika vilele hivyo metali hubanwa kwa nguvu kiasi cha kuungana kidogo, kisha maungio hayo hukatwa mwendo unapoendelea. Atakayetaka kusema kwamba hapo ndipo penye "kunata" nitamkubalia nusu, kwa kuwa kuna kushikana kweli katika kiwango hicho; lakini bado ni kushikana kwa wawili, na hakupo mpaka wakutane. Juu ya theluji hali ni tofauti kabisa. Mwaka 1939 Bowden huyo akiwa na T. P. Hughes walieleza kwamba joto la msuguano wenyewe huyeyusha utando mwembamba wa maji chini ya skii, na utando huo ndio unaorahisisha mwendo. Mtelezaji anapoiacha theluji na kutua kwenye reli ameacha nyuma mlainishaji wake. Hakuna barafu ya kuyeyusha pale juu, isipokuwa ile aliyoibeba mwenyewe chini ya skii.

Tofauti hiyo inaweza kuhesabiwa. Chukua reli tambarare yenye urefu wa mita 6, na mtelezaji anayeingia kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde. Ikiwa kizio cha msuguano baina ya skii na reli, yaani namba inayoonyesha kani ya msuguano ni sehemu gani ya uzito unaokandamiza, ni 0.2, atatoka upande wa pili akiwa na mita 3.5 kwa sekunde hivi, mwendo wa kutosha kutua kwa heshima. Kizio kikipanda hadi 0.3 tu, atafika mwisho akitambaa, chini ya mita 1 kwa sekunde. Uzito wa mtu hauingii katika hesabu hiyo, kwa sababu msuguano huongezeka kwa kadiri ya uzito unaokandamiza, jambo ambalo mwanasayansi Mfaransa Guillaume Amontons alilieleza mwaka 1699. Mwili mzito husuguliwa zaidi lakini pia ni mgumu zaidi kusimamisha, na mambo mawili hayo hufutana. Basi wale wanaosema reli "huwanata" watu wanene wamekosea mara mbili katika sentensi moja.

Wala msuguano mkubwa peke yake haumwangushi mtu. Mtelezaji anayepunguzwa mwendo kwa kizio cha 0.2 juu ya reli tambarare hubaki wima akiuacha mwili uelemee nyuma kwa nyuzi 11 hivi, kinyume na anakokwenda, kwa 0.3 ni nyuzi 17 hivi. Mwili uliozoea hufanya hivyo bila kufikiri. Kinachomwangusha ni badiliko: amejipanga kwa 0.2, katikati ya reli akakutana na kipande cha 0.3 au zaidi, miguu ikachelewa na kiwiliwili kikaendelea na safari. Kwa kuwa amekaa ubavuubavu, anaangukia ubavu, na hapo ndipo ile nyonga inapopapaswa. Reli yenye msuguano mkubwa lakini ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho ni rafiki kuliko reli laini yenye kiraka kimoja kikavu.

Viraka hivyo vinatoka wapi? Itazame reli asubuhi kabla haijapandwa na mtu. Juu yake kuna mstari mwembamba uliong'arishwa na skii za jana, rangi imekwisha kubanduka hapo na chuma kimebaki kitupu. Na kwa kuwa ni kitupu, usiku mmoja wenye unyevu unatosha kukipaka kutu ya rangi ya chungwa, nyembamba kama vumbi, inayoachwa kwenye glavu ukiipitisha. Utando huo ni mkwaruzo mtupu. Watu huyalaumu maji kwa haraka, ilhali maji yakiwa bado juu ya chuma hupunguza msuguano. Kinachouongeza ni kutu wanayoiacha yakishakauka. Katika barafuto, yaani mito ya barafu ya milimani, zinazotumika majira ya joto, ambako chumvi humwagwa ili theluji laini igande tena, kutu huja kwa kasi zaidi. Kwa kawaida baada ya watu kadhaa kupita mstari unang'aa upya, na yule aliyelalamika saa tatu asubuhi anaisifu reli ileile saa tano, bila kujiuliza imekuwaje kitu kinachonata kikaacha kunata kwa kupandwa tu.

Reli mpya ina kasoro yake. Rangi inayoilinda ni utando mgumu usiolainishwa na chochote, na soli ya plastiki haitelezi juu yake kwa urahisi mpaka itakapofutika kwenye njia ya katikati. Pale vipande viwili vilipochomelewa, chomeo lisiposagwa vizuri huacha kinundu. Hapo ningeruhusu kitenzi kingine, kukwama, kwa sababu ukingo wa skii unaogonga kinundu haupunguzwi mwendo na msuguano; umezuiwa na kitu kilichosimama mbele yake, na tiba yake ni mashine ya kusagia, haihusiani na nta inayopakwa kwenye soli. Masanduku yenye uso wa plastiki nayo hupata michirizi iliyochongwa na kingo kali, na michirizi ikizidi, ukingo huingia ndani yake na kuburutwa inakoelekea.

Upande wa pili wa jozi husahaulika zaidi, nao ndio ulio mikononi mwa mtelezaji mwenyewe. Chukua skii, ipindue, upitishe ukucha kwa upole ukivuka ukingo wa chuma pale chini ya kiatu. Ukingo ukikwangua unga mweupe kutoka kwenye ukucha, bado ni mkali, na ukali huo unaousifu kwenye barafu ndio unaouma reli. Wanaopanda reli kila siku huupunguza kwa tupa au jiwe la kunolea mpaka uwe mviringo chini ya kiatu, au hulaza upande wake wa chini kwa nyuzi 2 au zaidi badala ya nyuzi 1 iliyozoeleka, ili plastiki iguse reli kwanza na chuma kikae juu kidogo. Lakini skii ikitumika msimu mzima mambo hugeuka tena: plastiki ya katikati huliwa haraka kuliko chuma, soli inakuwa na bonde dogo, na kingo zile ulizozibutua zinabaki zimesimama juu yake kama kuta mbili. Skii ya namna hiyo ikiwekwa juu ya reli, plastiki haigusi kitu. Mwenye nayo atasema kwamba mwaka huu reli zote zinanata.

Ipo hali moja ambayo neno kunata linastahili kubaki, nami silitaki liondolewe mahali pake. Theluji ya mchana wenye joto, iliyojaa maji, huishika soli ya skii kwa namna isiyofanana na kukwaruza: maji yanapozidi hujaza nafasi baina ya chembe za theluji na plastiki, nyuso mbili zikawa zimeunganishwa na utando mzima unaovuta, kama vioo viwili vilivyolowa vilivyobandikwa pamoja. Hapo kuna mvuto wa maji, kuna na mnato wa kimiminika kwa maana yake ya kisayansi. Ajabu ni kwamba hali hiyo hutokea kwenye njia ya kuijia reli, wala si juu ya reli. Mtelezaji anapunguzwa mwendo na theluji kabla hajaruka, anafika kwenye chuma akiwa na mwendo mdogo, anaishia katikati, kisha lawama anaipa chuma.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba reli inanata, simkatizi. Namwomba kwanza anionyeshe soli ya skii zake, kisha namuuliza kama mwendo ulimpungua kabla ya kuruka au baada ya kutua. Ikiwa ni kabla, neno lake ni sahihi ila amelielekeza pasipo. Ikiwa ni baada, aseme tu kwamba skii zake na reli zinasuguana mno leo, halafu tuitafute tupa.