Uso au neno: sarafu mbili za dhahabu na njia panda ya sanaa

Swali ninaloulizwa kuliko yote ninapowatembeza wageni makumbushoni ni hili: mbona makanisa ya Kigiriki yamejaa sura za watu kutoka ukutani hadi kwenye kuba, na msikitini huoni hata jicho moja? Mara nyingi mgeni mwingine hujibu kabla yangu: "Uislamu umekataza picha." Hajakosea, ila ameruka kisa kitamu kuliko vyote, nacho kinaanzia kwenye pesa.

Waarabu walipoitwaa Shamu katika miaka ya 630 waliwakuta watu wakitumia dhahabu ya Rumi, yaani dola ya Bizanti yenye makao yake Konstantinopoli. Sarafu hiyo ilikuwa na sura ya mfalme upande mmoja na msalaba juu ya ngazi upande wa pili. Soko haligeuzwi kwa siku moja. Kwa miongo kadhaa watawala wapya waliiacha iendelee, na walipoanza kupiga dhahabu yao waliinakili ya zamani, ila msalaba wakaukata mikono. Ukizitazama sarafu hizo leo unaona nguzo tupu juu ya ngazi, kama mlingoti uliovuliwa tanga.

Ndipo katika miaka ya 690 mambo yakachemka. Huko Konstantinopoli, Mfalme Justinian wa Pili aliweka uso wa Yesu upande wa mbele wa dhahabu yake, akajihamishia mwenyewe upande wa nyuma, amesimama na msalaba mkononi, na maandishi yakimwita mtumishi wa Kristo. Huko Dameski, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan naye alijaribu sura yake mwenyewe: mtu mwenye nywele ndefu na joho, mkono ukiwa kwenye upanga. Haikudumu. Mwaka 77 Hijria (696–697) alifuta picha zote. Dinari mpya, gramu 4.25 za dhahabu, ilibeba maneno tu: hapana mungu ila Mwenyezi Mungu peke yake, hana mshirika. Upande wa pili yakafuata maneno ya Suratul Ikhlas, kwamba hakuzaa wala hakuzaliwa. Mkristo aliyelipwa dinari hiyo alitiliwa hoja ya dini kiganjani.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo njia zilipoachana. Kila upande ulipamba mahali unapoamini Mungu alijidhihirisha. Kwa Mkristo wa Bizanti, Neno alitwaa mwili, na mwenye mwili ana uso, na uso huchorwa. Kwa Mwislamu, neno liliteremka likiwa Kurani, husomwa na kuandikwa, kwa hiyo fundi wa hati akapanda cheo kuliko mchoraji.

Abdul-Malik huyohuyo ndiye aliyejenga Kuba ya Mwamba Yerusalemu, iliyokamilika mwaka 72 Hijria (691–692). Mozaiki zake ni ufundi uleule wa Rumi, vipande vidogo vya kioo, vingine vikiwa na jani la dhahabu ndani yake. Humo mna miti, mizabibu, vito, hata mataji ya kifalme, lakini hakuna anayeyavaa. Juu yake unazunguka mstari wa maandishi wa takriban mita 240, dhahabu juu ya buluu, ukiwaambia Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, wasipindukie mipaka na kumtaja Isa mwana wa Mariamu kuwa ni Mtume wa Mungu. Tena humo mna kituko: katika karne ya tisa Khalifa al-Ma'mun alifuta jina la Abdul-Malik akaweka lake, akasahau kubadilisha mwaka.

Lakini usidhani Bani Umayya, ukoo wa Abdul-Malik, walikimbia picha kila mahali. Nenda Qusayr Amra, kijumba cha starehe na hamamu katika jangwa la Jordan, uone wawindaji, wapiga muziki na wanawake wanaooga, wamechorwa ukutani bila haya. Mahali pa ibada palikuwa na adabu yake, na pa anasa yake. Kurani yenyewe haina aya inayokataza kuchora moja kwa moja. Makemeo kwa watengeneza sanamu yako katika hadithi, na wanazuoni walitofautiana mpaka ufike wapi.

Upande wa Bizanti nao haukuwa na amani. Kuanzia miaka ya 720 wafalme wenyewe walizipiga vita picha takatifu, wakisema ni ibada ya sanamu. Katika kanisa la Hagia Eirene, Istanbul, hadi leo kuna msalaba mtupu pale ambapo ungetarajia sura ya Mariamu. Mtetezi mkuu wa picha alikuwa Yohana wa Dameski, ambaye ukoo wake ulitumikia hazina ya makhalifa, na aliandika akiwa chini ya utawala wa Waislamu, mahali ambapo mkono wa mfalme wa Rumi haukumfikia. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 787 ulitenganisha heshima na ibada: picha huheshimiwa, Mungu peke yake huabudiwa. Vita vikarudi, vikaisha mwaka 843, na Waorthodoksi bado huadhimisha ushindi huo Jumapili ya kwanza ya Kwaresima.

Ugomvi huo haukuwazuia mafundi kuhemea ng'ambo. Khalifa al-Hakam wa Pili alipotaka kupamba mihrabu ya msikiti wa Cordoba, Hispania, iliyokamilika mwaka 965, wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba alimwomba mfalme wa Konstantinopoli fundi, naye akaletewa pamoja na shehena ya vioo. Mkono wa Mkristo, maneno ya Kurani.

Neno lile lilisafiri hadi kwetu pia. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya kale, yenye mwaka 500 Hijria (1107), yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, si kioo wala dhahabu. Na sarafu za shaba za Kilwa hazina uso wa sultani. Zile za Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili sifa ya kwamba anamtegemea Mola mwenye neema, al-minan. Soma pande zote mbili kwa sauti: al-Hasan, al-minan. Mpiga sarafu wa Kilwa alitia vina.