2147483647 sio namba ya int tu

Kama ushawahi kuandika programu kwa lugha ya Java hii namba unaijua, ndo mwisho wa int (aina ya namba kamili) ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, ongeza moja tu inageuka hasi. Wengi wanaishia hapo. Mimi naipendea kitu kingine: ni namba tasa, na aliyethibitisha ni mwanahisabati Euler mwaka 1772, kwa mkono, tena macho yake yalikuwa karibu yameisha kabisa.

Yenyewe ni 2 kipeo cha 31 toa 1. Njia ya kawaida ni kujaribu kuigawa kwa kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, 46340 na ushee, na huko kuna namba tasa zaidi ya elfu nne, nani ana muda huo? Euler akaanza kwa kuchuja. Tuseme kuna tasa p inayoigawa. Basi 2 kipeo 31 ukiigawa kwa p inabaki 1, na kwa vile 31 nayo ni tasa hakuna kipeo kidogo zaidi kinachobakiza 1, kwa hiyo kwa kanuni ya Fermat (2 kipeo p toa 1 nayo ukiigawa kwa p inabaki 1) 31 lazima iigawe p toa 1. Sasa zidisha kwa 2: 2 kipeo 32 inabaki 2, na 2 kipeo 32 ni mraba wa 2 kipeo 16, na ili mraba ukigawa kwa p uweze kubakiza 2 lazima p ukiigawa kwa 8 ibaki 1 au 7. Unganisha hayo mawili, p inakuwa 248n+1 au 248n+63 (n ni namba kamili yoyote), basi.

Mpaka 46340, ukitoa 63 yenyewe zinabaki namba 372, na nyingi hata sio tasa: 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71, 559 ni 13 mara 43. Ya kwanza ya maana ni 311, mara 6905092 unapata 2147483612, baki 35, imetoka. Inayofuata ni 1303, baki 226, nayo nje. Za kugawa kweli hazifiki mia na zote zinabakiza kitu.

Na msidhani kila kikomo cha int ni tasa. Cha biti 16, 32767, ni 7 × 31 × 151, cha biti 64 nacho kinagawanyika kwa 7, maana hivyo ni 2 kipeo 15 toa 1 na 2 kipeo 63 toa 1, na 15 na 63 zenyewe sio tasa.

Utamu mwingine uko kwenye kutengeneza namba za nasibu, zinazoonekana kama hazina mpangilio: anza na yoyote kuanzia 1 mpaka 2147483646, zidisha kwa 16807 (7 kipeo 5), chukua baki la 2147483647, rudia, utazipitia zote bila kurudia hata moja. Na baki hulipati kwa kugawa, unakata biti 31 za chini, unazijumlisha na zilizobaki juu, ikizidi unatoa mara moja. Lugha ya programu ya C++ bado inayo njia hii, inaitwa minstd_rand0. Kwa gemu sawa, ila paswodi msitengenezee hiyo jamani, mtu akiona namba moja tu zinazofuata zote anazo.