Bia nyeusi yenye utamu wa sukari guru

Julai iliyopita shemeji alikuja kwangu Umoja na chupa ya soda ya plastiki aliyoijaza bia yake nyeusi, ya kwanza kuipika maishani. "Onja, halafu niambie nitie nini ukatike huu utamu." Nikaonja. Sukari guru tupu, na kwa mbali harufu nzuri ya shayiri iliyokaangwa. Alishanunua kahawa ya kufunika utamu, na vizibo 40 vya lita zake 20 vilikuwa vinasubiri.

Nikamwambia asitie kitu kwanza. Bia hubaki tamu ama kwa sababu hamira imeacha sukari ambayo ingeweza kuila, ama kwa sababu sukari iliyobaki hamira haiiwezi kabisa. Ulimi hautofautishi hayo mawili, na dawa zake ni mbalimbali.

Chupa yake niliiacha juu ya friji usiku kucha. Asubuhi niliibinya, ikawa ngumu kama mpira uliotiwa upepo. Hamira ilikuwa hai, ila kwake ilikuwa imelala. Ndoo aliiweka juu ya sakafu ya saruji, na baridi ya Julai hapa Nairobi mnaijua. Kipimajoto chake alfajiri kilisoma nyuzi 14. Tena alitumia hamira ya Kiingereza, ile ambayo ikihisi baridi hushuka chini na kutulia.

Hata hivyo sikutaka kukisia. Haidromita, chombo cha kupima uzito wa bia, ambao hushuka kadiri hamira inavyokula sukari, ilianzia 1.062 na ilikuwa imesimama 1.030 wiki nzima. Nilimimina glasi moja, nikaikoroga mpaka gesi ikaisha (viputo hukiinua kipimo na kukudanganya), nikatia kijiko cha hamira ya mkate na kuiweka mahali penye joto. Baada ya siku mbili ilisoma 1.017. Hapo ndipo bia yake ilipaswa kufika.

Sasa fikiria angeifunga kwenye chupa vile ilivyokuwa. Kila pointi (yaani 0.001) inayoshuka huzaa takriban nusu ujazo wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Pointi 13 ni zaidi ya ujazo 6, wakati bia nyeusi hutosheka na 2. Hizo si chupa tena, ni mabomu kabatini.

Ndoo tuliitia ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akawa anayabadilisha asubuhi na jioni mpaka bia ikafika nyuzi 21, na kila mara anaizungusha taratibu bila kufungua kifuniko. Siku tatu, haidromita haikusogea. Basi nikachemsha maji ya kimea nusu lita, yakapoa, nikatia hamira mpya na kungoja mpaka povu lipande ndipo tukaimimina ndooni. Usiinyunyize ikiwa kavu: ikitua kwenye pombe isiyo na sukari nyingi, nyingi yake hufa kabla haijaamka. Siku kumi baadaye ilisoma 1.018, na siku tatu zaidi haikushuka.

Je, kama ile glasi ingebaki 1.030? Hilo limenipata mwenyewe. Kipimajoto changu kilikuwa kibovu, nikaloweka kimea kwenye nyuzi 72 badala ya 66. Joto hilo huua upesi kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari ndogo, na hakuna hamira ya kawaida itakayokuokoa. Dawa niliyoiamini ni kuchanganya: nilipika bia nyingine kavu, nikapanga glasi nne, na kwa bomba la sindano la duka la dawa nikapima sehemu tofauti mpaka nikapata theluthi mbili ya tamu kwa theluthi moja ya kavu. Kahawa ni nzuri, lakini huongeza uchungu tu. Sukari iko palepale.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya wenzetu wa pwani za mbali havilitaji. Hapa juu maji huchemka kama nyuzi 94 au 95, na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hutoa uchungu huo pole pole zaidi. Uchungu ukipungua, hata bia iliyofika 1.018 bado huonekana tamu. Mimi huchemsha hopsi kwa dakika 75 badala ya 60.

Shemeji alionja tena, akanyamaza kidogo, akauliza kama ile kahawa naweza kuinunua mimi.