Moja na Nusu Haikadiriwi Kuwa Mbili

Juzi, nikisahihisha madaftari ya kidato cha tatu hapa Dodoma, nilimkuta tena mwanafunzi aliyeigeuza asidi ya zabibu kuwa asidi ya sisimizi, kwa sababu aliamini, kama walivyoamini wenzake wa mwaka jana na wa mwaka juzi, kwamba namba yoyote yenye desimali lazima ikadiriwe hadi namba nzima. Wino mwekundu umeshindwa kuliondoa jambo hili, kwa hiyo leo ninaliandika.

Swali lenyewe, la kutafuta fomula ya asidi kutokana na asilimia za elementi zake, nilitunga kwa sababu zabibu ni zao letu. Asidi ya tartariki, iliyo miongoni mwa asidi kuu zinazoipa divai ukali wake, ina kaboni asilimia 32.01, hidrojeni 4.03 na oksijeni 63.96. Gawanya kila asilimia kwa tungamo la atomu, utapata moli (kipimo cha idadi ya atomu) 2.665 za kaboni, 3.998 za hidrojeni na 3.998 za oksijeni. Gawanya tena kwa iliyo ndogo kuliko zote, uwiano ni 1 : 1.5 : 1.5. Hadi hapo hakuna anayekosea. Balaa huanza mstari unaofuata, mwanafunzi anapoandika 1 : 2 : 2, yaani CH₂O₂, ambayo ni fomula ya asidi ya fomiki, ile iliyopatikana zamani kwa kukeneka sisimizi.

Kukadiria ni ruhusa tunayopewa pale tu ambapo tofauti inaweza kuelezwa na kosa la kipimo. Ili 1.5 iwe 2 kwa kweli, kaboni ikibaki ilivyo, hidrojeni ingepaswa kuwa asilimia 5.37 na oksijeni 85.28, na ukijumlisha zote tatu utapata asilimia 122.66 ya kitu kimoja. Mizani inayokosea kiasi hicho haifai hata kupimia karanga za Kongwa. Nusu ile haikutokana na uzembe wa mpimaji, bali ndiyo habari yenyewe: inatuambia tuzidishe kila namba kwa 2, tupate C₂H₃O₃. Ukiona 0.33 au 0.67, zidisha kwa 3, ukiona 0.25 au 0.75, zidisha kwa 4.

Fomula ya molekuli, yaani idadi halisi ya atomu katika molekuli moja, haina ugumu. Tungamo la moli ni gramu 150, la fomula ya empiriki, ile ya uwiano tuliyoipata, ni 75, kwa hiyo tunazidisha kwa 2 na kupata C₄H₆O₆. Kinachoniudhi ni kwamba mwenye CH₂O₂ yake ya gramu 46 hugawanya 150 kwa 46, akapata 3.26, na badala ya kushtuka anaikadiria hiyo nayo kuwa 3, kisha anaandika C₃H₆O₆ yenye gramu 138 bila kujiuliza gramu 12 zimekwenda wapi.

Hata hivyo, ni lazima nikiri kwamba namba za vitabuni zimepikwa ili zitoke vizuri. Katika maabara, hidrojeni ikizidi kwa asilimia 0.3 tu, labda kwa unyevu uliobaki katika sampuli, uwiano wake na kaboni unatoka 1.5 kufika 1.61, nao huo uko karibu na 1.67 vilevile. Oksijeni haitusaidii sana, kwa kuwa mara nyingi hupatikana kwa kutoa nyingine kutoka 100, hivyo hubeba makosa ya wenzake. Mimi hukadiria pale tu tofauti isipozidi 0.1, lakini mpaka huo ni mazoea yangu, sina uthibitisho wake. Kampaundi yenye kaboni 20 na hidrojeni 22 ina uwiano wa 1.1 ulio halali kabisa.

Katika hali hiyo ninaanza na tungamo la moli: asilimia 4.33 ya gramu 150, ikigawanywa kwa 1.008, inanipa hidrojeni 6.44, na kwa kuwa molekuli yenye kaboni, hidrojeni na oksijeni peke yake huwa na idadi shufwa ya hidrojeni, 7 haiwezekani na 8 iko mbali mno, kwa hiyo ninaandika 6.