Kadi ya Zawadi Imekataa: Yanayosemwa Malindi na Ukweli Wake

Kenya nzima hakuna duka la Amazon. Barani Afrika kampuni hiyo ina duka la Misri, lililoanza 2021, na la Afrika Kusini, lililofunguliwa Mei 2024. Hata hivyo kadi zake za zawadi, yaani namba zilizolipiwa pesa za kununulia dukani humo, na za maduka mengine makubwa ya mtandaoni, zinafika Malindi kila msimu. Mgeni wa Kiitaliano akirudi kwao humtumia mhudumu wa hoteli kadi kwa barua pepe kama asante. Binti aliyeko Uingereza humtumia mamake. Kijana wa Muyeye anayefanya kazi za kuandika mtandaoni hulipwa kwa kadi badala ya pesa. Siku kadi inapokataa, kila mtu ana ushauri: barazani, ndani ya tuktuk, kwenye makundi ya WhatsApp. Mwingi unatolewa kwa nia njema, na mwingi si kweli.

Mimi kazi yangu ni ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko la zamani, na kesi hizi naletewa mara kwa mara. Kinachoniuma ni kwamba nyingi zingeweza kutatuliwa, ila zinashughulikiwa na mtu asiyeweza kuzitatua. Kadi ni ya aliyepewa, lakini malalamiko ni ya aliyenunua. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

"Pesa ni pesa, kadi inaingia popote"

Haiingii. Amazon ya Marekani, ya Uingereza, ya Italia na ya Ujerumani ni maduka tofauti linapokuja suala la kadi. Kadi iliyonunuliwa Amazon.it inatumika Amazon.it peke yake. Ukiiingiza Amazon.com itakataliwa, hata kama akaunti ni yako na barua pepe ni ile ile. Euro haibadilishwi kuwa dola, na salio halihamishwi kutoka duka moja hadi jingine.

Hapa Malindi hili ndilo tatizo nambari moja, kwa sababu ya Waitaliano. Mtu anafungua duka la Marekani kwa kuwa ndilo analolijua, anaandika namba, inakataa, anaanza kumshuku mgeni aliyemtumia. Kabla ya kumtuhumu mtu, soma barua pepe yenyewe: duka lililotajwa ni la nchi gani, alama ya pesa ni ipi. Alama ya euro peke yake haitoshi, maana Italia, Ujerumani, Ufaransa na Uhispania zote zinatumia euro na kila moja ina duka lake. Ingia duka lile lile lililotajwa, ndipo uweke namba. Jua pia kwamba si kila bidhaa itasafirishwa hadi Kenya, kwa hiyo angalia kwanza usafirishaji wa kitu unachokitaka kabla hujafurahi.

"Namba imekataa, basi imeibiwa"

Huenda imeibiwa. Lakini sababu za kawaida ni ndogo kuliko hiyo. Sifuri imesomwa kama herufi O. Kadi ya plastiki ilinunuliwa dukani na keshia hakuiwasha. Mtu amekwangua kwa nguvu mpaka herufi zimefutika. Au ameandika namba isiyo yenyewe: kadi ya Amazon ina namba ya kuingizia, yenye herufi na tarakimu, halafu ina namba ya mfululizo yenye tarakimu 16. Ya pili haiingizi pesa hata ukiijaribu mpaka asubuhi. Kazi yake inaonekana pale ya kwanza inapokuwa haisomeki: huduma kwa wateja wataitumia kuitambua kadi. Ndiyo maana nawasihi watu wasiitupe kadi wala karatasi yake.

Jibu likiwa kwamba kadi imeshatumika, fungua kwanza historia ya salio kwenye akaunti zako zote. Familia nyingi zina akaunti mbili tatu, ya mama, ya simu ya mtoto, na ya zamani iliyosahaulika. Usipoiona popote, hapo sasa kuna shauri.

"Kadi ni yangu, nitawapambania mwenyewe"

Mama mmoja wa Maweni alikuja na simu mkononi, ameshaandikiana na wakala wa duka fulani mpaka betri inakata. Kadi ilikuwa ya pauni 40. Kila mara wakala alimwomba namba ya oda, na kila mara mama alimtumia picha ile ile ya ujumbe aliotumiwa na mkwewe kwamba zawadi imetumwa.

"Mama, oda anayo nani?" nikamuuliza.

"Oda gani tena, mwanangu? Mimi nimepewa tu."

"Basi tumpigie mkweo."

Mkwe alifungua akaunti yake akiwa kazini, akaangalia oda, akakuta barua pepe ya mama ameikosea herufi moja. Alisahihisha anwani akaituma kadi upya. Wakala wa watu hakuwa na ubaya. Alikuwa anazungumza na mtu ambaye kwenye mfumo wao hayupo.

Na ndivyo ilivyo katika maduka karibu yote. Mnunuzi ndiye mwenye namba ya oda, risiti, tarehe, na kadi ya benki iliyolipa. Ndiye anayeweza kuona kama zawadi imetumwa, imefika wapi, na ndiye anayeweza kuituma tena. Aliyepokea ana namba ya kadi tu, na namba ya kadi hata mwizi anaweza kuwa nayo, kwa hiyo kwao haithibitishi kitu. Najua watu wa pwani tunaona haya kumrudia mtu aliyetupa zawadi na kumwambia haikufanya kazi. Inaonekana kama kukosa shukrani. Mwambie. Yeye pesa zake zimetoka, na kama humwambii ataendelea kuamini kwamba umeshanunua ulichokitaka.

Mnunuzi naye akiwasiliana na duka, asiandike kurasa mbili za hasira. Ujumbe ninaowaandalia watu ni mfupi hivi: "Nilinunua kadi ya zawadi ya euro 50, oda namba fulani, tarehe fulani, nikaituma kwa barua pepe hii. Mpokeaji alipoiingiza tarehe fulani alijibiwa kuwa imeshatumika. Yeye hakuitumia, wala mimi. Naomba kujua iliingizwa tarehe gani, na naomba kadi mpya au nirudishiwe pesa." Uambatanishe picha ya skrini yenye maneno ya kukataliwa, tarehe na saa zikionekana. Jina la mwenye akaunti iliyoiingiza usitegemee kutajiwa, lakini tarehe inatosha kusema mengi: kama iliingizwa kabla barua pepe haijakufikia, hapo mpokeaji ana hoja nzito. Mazungumzo yote yahifadhi, na ukikataliwa, omba kesi ipelekwe kwa mkubwa wao ukitaja namba ya kesi ya kwanza. Usifungue kesi mpya kila siku. Kila mpya inaanza upande wa wakala asiyejua lolote.

Na kama duka ni la Italia, tumia faida tuliyonayo. Malindi ina watu wengi wanaozungumza Kiitaliano vizuri, kuanzia waongoza watalii hadi wapishi. Ujumbe ulioandikwa kwa lugha ya duka unakwenda mbali kuliko wa mashine ya kutafsiri.

"Wakikataa, benki itarudisha"

Benki ya nani? Anayeweza kupinga malipo ni mwenye kadi ya benki iliyolipa, yaani mnunuzi tena. Akishinda, duka huifuta kadi ya zawadi, na kama wewe umeshatumia sehemu ya salio, akaunti yako yaweza kufungiwa. Kwa hiyo hiyo ni njia ya mwisho, baada ya duka kukataa kwa maandishi, na ninyi wawili mkiwa mmekubaliana. Muda wake nao una kikomo, asingoje miezi ipite.

Jambo jingine linalowachanganya watu: ukinunua bidhaa kwa salio la kadi ya zawadi halafu ukairudisha, pesa inarudi kwenye salio hilo. Haiendi M-Pesa wala benki. Hapo hujadhulumiwa.

"Kadi ya nusu bei ni bahati"

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu wanaoumia ni vijana. Kwenye Telegram na WhatsApp kuna biashara kubwa ya kadi: mtu anauza kadi ya dola 100 kwa nusu ya thamani, unalipa kwa M-Pesa, unapewa namba. Wiki ya kwanza salio lipo. Kisha linatoweka, au akaunti nzima inafungwa.

Kinachotokea ni hiki. Kadi ilinunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibiwa huko Ulaya au Marekani. Mwenye benki akigundua analalamika, malipo yanabatilishwa, na duka linafuta kadi iliyotokana nayo popote ilipo. Ukienda kulalamika, huna risiti, huna oda, na masharti ya Amazon yanakataza wazi kuuziana kadi. Unajikuta unaeleza namna ulivyopata mali ya wizi. Na yule aliyekuuzia ameshatoa pesa. Kurudisha muamala wa M-Pesa kwa kutuma meseji ya muamala kwenda 456 kumewekwa kwa ajili ya pesa iliyotumwa kimakosa, na hakusaidii sana pale upande wa pili akaunti imeshabaki tupu.

Kijana anayelipwa kazi kwa kadi yuko kwenye hatari hiyo hiyo, hata kama kazi ameifanya kwa jasho lake. Mwajiri asiyeweza kukulipa kwa njia ya kawaida mwulize sababu. Ukikubali kadi, akuonyeshe risiti ya ununuzi yenye jina lake.

"Huduma kwa wateja wamenipigia wenyewe"

Hawakukupigia wao. Mtu anaandika malalamiko yake hadharani kwenye Facebook, baada ya dakika chache anapata simu ya "ofisa" anayemwomba amsomee namba ya kadi ili "aithibitishe". Akimaliza kuisoma, kadi imekwisha. Namba za simu za kampuni zinazotokea unapotafuta mtandaoni nazo nyingine ni za matapeli. Ingia kwenye akaunti yako, fungua ukurasa wa msaada, anzia hapo.

Hakuna polisi, hakuna KRA, mamlaka ya kodi, hakuna benki inayopokea malipo kwa kadi za zawadi. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imekuwa ikirudia kwa miaka kwamba anayekudai ulipe kwa kadi ya zawadi ni tapeli. Mchumba wa mtandaoni pia yumo. Na anayejitokeza baadaye akisema atakurudishia pesa zako kwa ada ndogo, mara nyingi ni wale wale.

"Kadi zinaisha muda haraka"

Si nyingi. Sheria ya Marekani ya 2009 inazuia pesa za kadi kuisha kabla ya miaka 5, na kadi za Amazon.com haziishi kabisa.

"Nitawashtaki hapa hapa Malindi"

Haki za mtumiaji tunazo: ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kama kadi ni ya supamaketi ya hapa nchini, zitumie bila woga, nenda dukani na risiti, na wakikaidi iko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lakini kuliburuta mahakamani duka lisilo na ofisi hapa ni safari ndefu kwa kadi ya dola 50. Masharti ya Amazon.com yanasema migogoro huamuliwa kwa sheria za jimbo la Washington. Mnunuzi aliyeko Italia analindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na hiyo ni sababu nyingine ya kumwachia yeye usukani.

Tapeli aliye Kenya ni habari tofauti. Nenda kituo cha polisi, uandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inamhusu. Beba meseji ya M-Pesa yenye namba yake, mazungumzo yote bila kufuta hata neno moja, na namba ya kadi kwenye karatasi, maana simu inaweza kuzima ukiwa kwenye foleni.