Kamanda na Rais: maana ya afisa wa anga anayeongoza elimu ya kijeshi

Katika kituo cha jeshi la anga cha Maxwell, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, yupo jenerali mwenye cheo cha maneno mawili: Kamanda na Rais. Anaongoza Air University, chuo kikuu cha Jeshi la Anga la Marekani. Akiwa kamanda, anatoa amri na amri inafuatwa. Akiwa rais wa chuo kikuu, analinda haki ya mwanafunzi aliyevaa sare kusimama darasani na kusema kwamba amri fulani, hata iliyotoka kwa wakubwa wake, ilikuwa na kasoro. Anayetaka kuelewa maana ya afisa mwandamizi anayeongoza elimu ya kijeshi aanzie kwenye mvutano huo, maana kazi nzima imesimama juu yake.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huwa tunayachanganya. Mafunzo humwandaa askari kwa jambo linalojulikana. Rubani anafundishwa namna ya kutua injini ikizimika, fundi anafundishwa kubadilisha tairi la ndege kwa hatua zilezile kila mara, na anayeruka hatua anasahihishwa papo hapo. Elimu humwandaa afisa kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona bado. Vita vijavyo vitapiganwa wapi, dhidi ya nani, kwa silaha zipi? Hakuna mwongozo wa kufungua ukurasa na kusoma jibu. Kinachowezekana ni kumpa historia, nadharia, siasa za kimataifa na maadili ya vita, kisha kumkalisha na wenzake wenye maoni tofauti wabishane mpaka azoee kufikiri kwa makini. Fungu hili ndilo linaloitwa elimu ya kitaaluma ya kijeshi.

Kwa afisa wa anga wa Marekani elimu hiyo ina ngazi kuu tatu. Akiwa kapteni hupitia Squadron Officer School, shule iliyoanzishwa mwaka 1950, ambako hukaa wiki chache tu. Akiwa meja anaweza kuchaguliwa kwenda Air Command and Staff College, kozi ya karibu mwaka mzima. Akifika luteni kanali au kanali, ngazi yake ni Air War College, nayo ya karibu mwaka mzima. Wasiopata nafasi ya kukaa darasani husoma kwa njia ya masafa wakiendelea na kazi vituoni. Nafasi za darasani ni chache, kwa hiyo kuchaguliwa kwenyewe ni dalili kwamba jeshi limeshaanza kumwangalia afisa huyo kwa jicho la baadaye.

Na jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986 iliamua kwamba afisa anayetaka ujenerali awe amewahi kutumikia nafasi ya pamoja, yaani nafasi inayounganisha nchi kavu, majini na angani, na ikayataka masomo ya maafisa hao yaelekezwe huko. Miaka michache baadaye kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi iliyoongozwa na Ike Skelton ilivikagua vyuo vya kijeshi kimoja kimoja na kudai viwe vigumu zaidi. Tangu hapo ni vigumu kusema kwamba shule ni mapumziko kati ya kazi mbili.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe anavyofika kileleni. Anaingia jeshini kwa mmoja wa milango mitatu: chuo cha maafisa wa anga kilichoko Colorado, mpango wa kuwaandaa maafisa ndani ya vyuo vikuu vya kiraia, au Officer Training School, ambayo nayo iko Maxwell. Anaanza luteni usu. Anapanda luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, na kufika ukanali mara nyingi humchukua zaidi ya miaka ishirini. Njiani ameongoza skwadroni, amekaa makao makuu akiandika mipango usiku na mchana, amerudi darasani mara mbili au tatu, na huenda amefundisha. Kutoka hapo milango inabana sana. Brigedia jenerali, mwenye nyota moja, na meja jenerali, mwenye nyota mbili, hupendekezwa na Rais wa nchi na kuthibitishwa na Seneti. Nyota ya tatu, ya luteni jenerali, ambayo ndiyo anayovaa mkuu wa Air University, ina sharti lake la pekee: inakwenda na nafasi. Akiondoka kwenye nafasi hiyo bila kupewa nyingine ya daraja hilo, kisheria hurudi kwenye nyota mbili, isipokuwa astaafu nayo kwa kibali.

Wengi hudhani lazima awe rubani wa ndege za kivita. Miaka ya karibuni imeonyesha vingine. Anthony Cotton, aliyekiongoza chuo kuanzia mwaka 2018, alitokea upande wa makombora ya nyuklia. Andrea Tullos, aliyeshika nafasi hiyo baadaye, alikulia katika askari wanaolinda vituo vya anga. Mimi naona hili ni jema. Chuo kinachofundisha kwamba nguvu ya anga ni zaidi ya ndege kinaongozwa vizuri na mtu ambaye mwenyewe ameishi ukweli huo.

Lakini kwa nini jeshi liupe uongozi wa shule nyota tatu? Jibu limo katika historia ya uwanja huohuo wa Maxwell, na hapa inafaa tukae kidogo.

Ndugu Wright walifungua shule ya urubani Montgomery mwaka 1910. Mwaka 1931 ikahamia hapo, kutoka Langley jimboni Virginia, shule ya mbinu za vita vya anga iliyoitwa Air Corps Tactical School. Wakati huo Marekani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Ndege zilikuwa chini ya jeshi la nchi kavu, na ingekuwa hivyo mpaka Septemba 1947. Wakufunzi wa shule hiyo walikuwa maafisa wa vyeo vya kati, wala fedha hazikuwa nyingi, ila walikuwa na jambo lililo adimu jeshini: nafasi ya kubuni. Kaulimbiu yao ya Kilatini ilikuwa na maana ya kwamba tunasonga mbele bila kufungwa na desturi.

Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ndege za mabomu, zikiruka juu sana mchana kweupe kwa mpangilio wa kulindana kwa bunduki zake zenyewe, zingepenya hadi kwenye viwanda vya adui na kuuvunja uchumi wake bila kusindikizwa. Alikuwepo mkufunzi mmoja aliyekataa, Claire Chennault, mwalimu wa ndege za kukabili, yaani ndege ndogo za kivita zinazozuia ndege za adui. Alishikilia kwamba ndege hizo zikipata taarifa mapema kuhusu ujio wa adui, zitaweza kuziangusha ndege za mabomu. Hoja yake haikushinda. Mwaka 1937 alistaafu na kwenda China.

Mwezi Agosti 1941 maafisa wanne waliowahi kufundisha shuleni hapo, Harold George, Kenneth Walker, Laurence Kuter na Haywood Hansell, walipewa kazi ya kukadiria mahitaji ya anga kwa vita dhidi ya Ujerumani. Waliikamilisha kwa siku tisa. Hakuna anayeandika mpango wa ukubwa ule kwa siku tisa kama hajatumia miaka kubishania jambo lenyewe ubaoni. Huo ulikuwa ushindi wa elimu ya kijeshi, na sioni haya kuuita hivyo.

Kisha ikaja tarehe 14 Oktoba 1943. Ndege 291 za mabomu aina ya B-17 zilitumwa kushambulia viwanda vya beringi vya mji wa Schweinfurt, Ujerumani, zikivuka mipaka ambayo ndege za kusindikiza za wakati ule hazikuweza kufika. Ndege 60 ziliangushwa, na kila moja ilibeba watu kumi. Mashambulizi ya ndani kabisa ya Ujerumani yakabidi yasubiri ndege za kusindikiza zenye uwezo wa kwenda mbali, hasa P-51, mwanzoni mwa mwaka 1944. Shule iliyojivunia kutofungwa na desturi ilikuwa imetengeneza desturi yake mpya, na aliyeipinga alikuwa ameshaondoka.

Air University ilianzishwa rasmi tarehe 12 Machi 1946, na kamanda wake wa kwanza, Muir Fairchild, alikuwa mmoja wa waliowahi kufundisha katika shule ile. Mwishoni mwa mwaka 1948 nafasi hiyo ilishikwa na George Kenney, aliyeongoza vikosi vya anga katika Pasifiki wakati wa vita. Mwaka 1953 akaja Laurence Kuter, mmoja wa wale wanne. Kwa miaka hiyo ya mwanzo, basi, chuo kiliongozwa na watu waliokuwa wameona kwa macho yao wazo la darasani likigeuka ndege, na ndege zikigeuka majeneza.

Kazi ya kiongozi wa leo inatoka moja kwa moja hapo. Anasimamia mtaala, anagawa fedha, anawaajiri maprofesa wa kiraia wanaofundisha bega kwa bega na maafisa wanaokuja kwa miaka michache na kurudi vikosini. Chini yake zimo pia taasisi ya teknolojia iliyoko Wright-Patterson jimboni Ohio, inayotoa shahada hadi uzamivu, na chuo cha askari wasio maafisa. Tangu mwaka 2004 Air University ina ithibati kutoka kwa chombo cha kiraia kilekile kinachokagua vyuo vikuu vya majimbo ya kusini mwa Marekani. Maana yake ni kwamba shahada ya uzamili anayopewa meja hapa ina ithibati ileile ya shahada za vyuo hivyo vya kiraia. Maana yake nyingine ni kwamba jenerali wa nyota tatu hujibu maswali ya wakaguzi wasiompigia saluti: walimu wako wana sifa gani, maktaba yako ikoje, uhuru wa kitaaluma unaulindaje?

Swali la mwisho ndilo zito. Chuo kina kanuni kwamba maneno yaliyosemwa darasani hayabebwi nje yakiwa na jina la aliyeyasema, awe mwanafunzi au mgeni mashuhuri aliyealikwa. Kanuni hiyo ni rahisi kuiandika. Kuifanya iaminike ni kazi ya mtu mmoja, kwa sababu meja aliyeketi semina anajua vizuri kwamba upandishwaji wake uko mikononi mwa wenye vyeo. Kama kamanda hukunja uso akisikia mada asiyoipenda, habari itafika madarasani kabla ya jioni, na semina zitakuwa na adabu sana na hazitakuwa na faida yoyote. Nafasi hii humtaka mtu aliyezoea kutiiwa kwa miaka thelathini ajifunze kufurahia kupingwa, na ajifunze haraka.

Haraka, kwa kuwa muda ni mfupi. Hapa ndipo napoona udhaifu mkubwa wa mfumo wenyewe. Rais wa chuo kikuu cha kiraia anaweza kukaa miaka kumi akiona mtaala alioubadilisha ukizaa matunda. Kamanda wa Air University kwa kawaida hukaa miaka miwili au mitatu, kisha huhamishwa au kustaafu. Cotton aliondoka baada ya muda mfupi, na kufikia mwishoni mwa 2022 alikuwa ameshika kamandi ya kimkakati inayosimamia silaha za nyuklia za nchi nzima. Kwa taaluma yake ilikuwa hatua kubwa, na kwa jeshi pengine ilikuwa uamuzi sahihi. Kwa maprofesa ilikuwa mkuu mwingine wa kumzoea, mwenye vipaumbele vingine, huku wao wakibaki kuwa kumbukumbu ya chuo.

Meja aliyeketi Maxwell mwaka 2018, akijaliwa, atafikia ujenerali karibu na mwaka 2030 au baada yake. Kamanda aliyeamua asome nini mwaka ule atakuwa amekwishavua sare.